Wati Arobaini na Pazia Moja

Mjomba wangu mmoja, ndugu ya mama, alikuwa na sauti ambayo ngamia waliikimbia. Kule visimani upande wa Tarbaj wanaume hushuka ndani ya kisima wakasimama mmoja juu ya mwingine, ndoo za ngozi zikapanda mkono kwa mkono, na juu kabisa hukaa mtu wa kuongoza wimbo, kwa sababu ngamia huja kwenye hori kwa kuitwa kwa wimbo. Mjomba alipenda sana kuongoza. Alifungua kinywa, na ngamia waliotembea siku nane bila kuonja maji wakageuza shingo wakarudi walikotoka. Baba yangu alicheka mpaka akashika mti. Basi wakamteremsha mjomba chini kabisa, kwenye tope. Kutoka kule sauti yake ilifika juu ikiwa imelainika kama samli, na ngamia wakaja wakanywa. Yeye alidhani amepandishwa cheo, maana chini kabisa hushuka wenye nguvu. Mungu amrehemu, alikufa akidhani hivyo, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Sikutaka kueleza habari za mjomba. Lakini nikitaka kumtaja Fundi lazima mjomba apite kwanza, kwa sababu siku ya kwanza Fundi alipokuja kunywa chai kwangu nilimsimulia kisa hiki ili acheke, na hakucheka. Aliniuliza kisima kilikuwa na kina cha watu wangapi. Nikasema wanne. Akauliza hori lilikuwa hatua ngapi kutoka kwenye mdomo wa kisima. Hatua ngapi! Nikajiambia, huyu miraa imempanda kichwani. Kumbe alikuwa anapiga hesabu ya sauti ya mjomba.

Hiyo ilikuwa Garissa, miaka ya vita vya shifta, wale waasi wa mpakani. Mimi nilikuwa mwanamke kijana, mume wangu akiendesha lori la bidhaa katika misafara iliyosindikizwa na askari, na nilikuwa na kibanda cha chai. Bega kwa bega na kibanda changu palikuwa na chumba cha bati, na ndani yake mtu aliyetengeneza redio, gramafoni na amplifaya. Tulimwita Fundi. Jina lake nililisikia mara moja tu, kwa askari aliyekuwa akisoma kipande chake cha utambulisho, na sitaliandika.

Kwao sijui. Na si kwamba watu hawakuuliza. Sisi Wasomali mtu akikaa nasi siku tatu bila kutaja babu zake hatupati usingizi. Wazee walikuja kibandani wakamzunguka: wewe ni wa nani? Wa bara? Wa pwani? Akajibu kwamba kabila lake ni waya. Mzee mmoja akatafakari, akanywa chai yake, akasema, "Kabila dogo, lakini lina shemeji kila nyumba." Toka hapo hakuulizwa tena.

Kazi ilimjia kwa sababu ya ile amri ya kutotoka nje. Jua likikaribia kuzama kila mtu awe kwake, mikahawa imefungwa, baraza tupu. Watu waliozoea kusikiliza habari na mashairi pamoja, arobaini kwa redio moja, sasa kila mmoja alibaki na ukuta wake. Mwenye uwezo akaagiza chombo cha nyumbani. Tena si redio ya mkononi, bali zile za spika mbili, moja kulia na moja kushoto, amplifaya katikati, na juu yake mashine ya santuri. Ndipo swali likaanza mjini, na mimi nililisikia mpaka nikalichoka: ninunue ya wati ngapi?

Watu wetu walichagua amplifaya kama wanavyochagua ngamia dume wa mbegu: mkubwa kuliko wa jirani. Fundi hakukubali. Alisema wati si sauti, wati ni chakula cha spika. Kuna spika, alisema, ni kama mbuzi wa huku kwetu, hula kichaka kikavu na kukupa maziwa kibuyu kizima, na kuna nyingine ni kama ng'ombe wa kizungu, unalisha na kulisha na ananyunyiza tu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza wati, uliza spika yako ni mbuzi au ng'ombe. Halafu uliza chumba ni kikubwa kiasi gani. Halafu, unakaa wapi. Akasema pia jambo ambalo hakuna aliyemsadiki: ukiongeza wati mara mbili, aliyekaa kwenye mkeka hatasema sauti imekuwa mara mbili. Atasema, mmh, imesogea kidogo. Ukitaka sikio lake liseme mara mbili, wati ziwe mara kumi.

"Mara kumi?" nilimuuliza. "Na mtu atazipata wapi?"

"Ndiyo maana namwambia asogeze mkeka, abaayo," akasema. "Kusogea ni bure. Ukipunguza umbali nusu, ni kama umeongeza wati mara nne."

Abaayo ni dada, kwa lugha yetu. Alilishika hilo neno mapema na akawaita hivyo wanawake wote, hata mama mkwe wangu, ambaye alilipenda sana.

Nitasema na ubaya wake, maana marehemu husifiwa na aliye hai husemwa, na huyu sijui yuko upande gani. Alikuwa mwongo wa kesho. Redio ya mtu ilikaa kwake mpaka mwenyewe akasahau ilikuwa ya rangi gani. Alitia sukari kwenye chai mpaka kijiko kikasimama, halafu akanilaumu kwamba chai yangu ni tamu mno. Alihubiri sauti ya kiasi, na yeye mwenyewe aliongea kama mjomba wangu. Akikunong'oneza siri, mtaa mzima ulijua. Sababu ilikuwa sikio lake la kushoto, lilikuwa limekufa kabisa.

Fikiria basi. Chombo cha spika mbili kimetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye masikio mawili, na fundi wake alikuwa na moja. Alipomaliza kufunga waya alikaa kitini akielekea spika, akasikiliza ya kulia. Kisha akageuza kiti, akazipa spika mgongo, akasikiliza ya kushoto kwa sikio lile lile. Wateja hawakujua siri hiyo. Walidhani ndiyo adabu ya kusikiliza kitaalamu. Mpaka leo nacheka: wenye maduka wawili wa mjini wakawa wanakaa nyumbani kwao wamezipa spika mgongo, wamekunja mikono, wanatikisa kichwa. Nilimwambia awaeleze ukweli. Akasema, waache, hawajawahi kumsikiliza mtu yeyote kwa makini namna hiyo.

Alikuwa na tabia nyingine ya kupiga kofi akiingia chumbani. Kofi moja, pwaa, kisha ananyamaza. Kofi lilimwambia chumba kina njaa au kimeshiba. Chumba cha saruji tupu kinarudisha sauti yote, wati tano zinatosha na kubaki. Chumba cha mikeka, mito na mapazia kinameza, lazima uongeze. Siku moja tulikwenda kutoa pole kwenye matanga. Watu wamekaa kimya, mzee aliyefiwa na mkewe yuko pembeni hajasema neno tangu juzi. Fundi akavua viatu, akaingia, mkono ukamponyoka: pwaa. Wallahi nilitaka ardhi inimeze. Kijana mmoja akamkamata kola. Na yule mzee akainua kichwa, akauliza, "Na chumba kimesemaje?" Akacheka, akalia, akala chakula siku hiyo.

Kuhusu kuungua kwa spika aliwafundisha watu kwa punda. Mwalimu mmoja kutoka bara alileta spika iliyoungua, akilalamika kwamba amplifaya yake ni ya wati tatu tu, itawezaje kuunguza spika kubwa vile? Fundi alimwonyesha punda wangu wa maji. Akasema huyu umtwike madebe mawili anatembea vizuri, umtwike sita anarusha mateke, na mateke hayo ndiyo yanayovunja madebe. Amplifaya ndogo ukiisukuma mpaka mwisho haitoi sauti tena, inatoa mateke. Spika haiuawi na kubwa iliyotulia. Inauawa na ndogo inayopiga ukelele. Mwalimu akaondoka akimtazama punda wangu kwa heshima.

Sasa mimi niliingiaje katika kazi hiyo? Kwa pazia. Nyumba zetu zina upande wa wanaume na upande wa wanawake, na katikati pazia. Spika hukaa upande wa wanaume. Fundi mgeni hawezi kuvuka, na akina mama nao ndio wasikilizaji wakubwa, ila hakuna aliyewauliza kama wanasikia. Fundi alinipa kikombe na kijiko. Nilikaa nyuma ya pazia na wanawake, yeye akazungusha kitufe cha sauti polepole. Wanawake wakisikia neno kwa neno, napiga kikombe mara moja. Wakisikia mvumo tu, mara mbili. Kwa njia hiyo alipima nyumba za Garissa, na ndiyo maana aliniita sikio lake la kushoto.

Nije kwa Haji. Haji huyu alikuwa mfanyabiashara wa ngozi na nafaka, binamu yangu ndiye mke wake, na nyumba yake ilitazamana na nyumba ya Inspekta wa polisi, uchochoro mmoja katikati. Alikuwa na mama yake, kikongwe asiyeona, na masikio nayo yalikuwa yanafunga mlango. Tulimwita Ayeeyo, yaani bibi. Furaha ya Ayeeyo ilikuwa moja. Kila alasiri, kwenye stesheni ya ng'ambo ya mpaka, mtunzi mmoja mzee alisoma mashairi ya ngamia. Ayeeyo aliyajua mashairi yale tangu usichana, na alisema siku asipoyasikia hajui kama bado yupo duniani au ameshazikwa.

Lakini stesheni hiyo ilikuwa hatari. Siku zile ukisikika umefungua redio ya ng'ambo wewe ni shifta, hata kama mtunzi anasifu nundu. Nani angemfasiria askari wa bara kwamba maneno haya ni ya nundu? Watu walichukuliwa kwa makosa madogo kuliko hilo, na wengine hawakurudi upesi. Kwa hiyo sauti ilitakiwa ifike kwa Ayeeyo nyuma ya pazia, na isifike kwa Inspekta ng'ambo ya uchochoro.

Haji alikuwa na amplifaya ndogo. Aliisukuma mpaka ikapiga mateke, spika moja ikafa, na Ayeeyo hakusikia hata hivyo. Basi akamwagiza mpwa wake Nairobi, na msafara ukaleta sanduku: wati arobaini, na spika mpya mbili. Mji mzima ulikuja kulitazama. Waliunganisha na jenereta ya friji ya soda, Haji akavaa kanzu mpya kabisa, akamwita Fundi.

Fundi akapiga kofi. Akapima hatua. Akaniweka nyuma ya pazia na kikombe changu kando ya Ayeeyo. Kisha akafanya jambo ambalo Haji hakulitarajia: akachukua spika moja, akaomba wanawake waipokee chini ya pazia, na nikaiweka nyuma ya mto wa Ayeeyo, dhiraa moja kutoka sikioni. Akazungusha kitufe kidogo mno, upana wa punje ya mchele. Ayeeyo akashtuka. Akanyoosha mkono hewani, akamkemea mtunzi kwamba mstari ule amekosea. Nikapiga kikombe mara moja, tena kwa nguvu.

Haji hakufurahi. Akauliza kwa ulimi wetu wa Kisomali: "Wati ngabi inatumika hapo?"

"Moja. Labda moja na nusu."

"Na ile thalathini na tisa, Fundi? Nimeleta kutoka Nairobi ikae kama mgeni?"

Fundi akamwambia hazikupotea. Lori la tani saba likibeba gunia moja halilii mlimani, na sauti itakuwa safi. Ila kitufe kisipite hapa. Nikaleta hina, tukatia alama kwenye kitufe. Haji akaapa hatapita alama.

Na hakupita, miezi kadhaa. Ayeeyo alinenepa. Alinisomea mashairi nikimpelekea chai, akibishana na mtunzi kana kwamba yuko chumbani.

Halafu akaja mgeni, mzee mkubwa, mkwe wa Haji kutoka upande wa Wajir, na alasiri hiyo wakaketi kusikiliza. Haji akatazama ile alama ya hina. Kwetu mgeni ukimmiminia maziwa lazima chombo kijae mpaka yamwagike kidogo. Ukimpa nusu umemwambia arudi kwake. Sasa umpe mkwe wako sauti ya upana wa punje ya mchele, na yeye anaona kwa macho yake kwamba kitufe kinaweza kwenda mpaka kule? Haji alivumilia shairi moja. La pili likaanza, akanyoosha mkono, akamimina.

Nilikuwa kibandani, umbali wa mtaa mzima. Nilisikia neno kwa neno. Fundi, mwenye sikio moja, alisikia, akaangusha chuma chake cha kuchomelea na kukimbia, nami nyuma yake. Mbuzi walisimama barabarani. Tulifika, Fundi akarudisha kitufe, na wakati huo huo Inspekta akaingia, fulana na suruali ya kazi, amekatizwa usingizi wa mchana, askari wawili mlangoni.

Alikuwa mtu wa bara, si mkali kwa kawaida, alikunywa chai kwangu. Lakini siku hiyo hakunisalimu. Akauliza, "Mzee, nani amefungua stesheni hii?"

Haji na mgeni wake walitazama mkeka. Nyuma ya pazia Ayeeyo, asiyejua lolote, akaanza kumalizia shairi mwenyewe kwa sauti yake nyembamba.

Fundi akasema, "Ni mimi, afande. Nilikuwa napima mashine. Nikipima nazungusha tu, sichagui stesheni."

Inspekta akamtazama. Akatazama pazia. Nadhani alijua. Akasema taratibu kwamba fundi asiyejua anachofungua hafai kuwa katika mji wa mpakani wakati wa dharura. Kesho kutwa msafara unashuka Nairobi, awe ndani yake. Akimwona baada ya hapo atamfunga, na hatakuwa na la kumsaidia. Kisha akamgeukia Haji akasema kwamba safari nyingine hatauliza fundi ni nani.

Haji alitaka kwenda kituoni usiku huohuo aseme kweli. Fundi alimkataza. Alisema yeye kabila lake ni waya, wapo kila mji. Ayeeyo ana chumba kimoja.

Asubuhi ya msafara alirudi nyumbani kwa Haji na kikapu cha vyombo vyake, akanipitia kibandani nije na kikombe. Aliifungua ile amplifaya, akachomelea ndani yake vipande viwili vidogo kama punje za mtama, kisha akasugua hina yote ikatoka kwenye kitufe. Haji akaogopa, akauliza kwa nini anafuta alama. Fundi akamwambia, "Nilikosea mimi. Nilikuwekea alama katika nyumba ambayo mgeni hapimiwi. Sasa kitufe kitaenda mpaka mwisho, mgeni aone kimejaa, na ndani ya mashine haitapita wati moja na nusu."

"Fungua yote," akamwambia.

Haji akasoma bismillahi, akazungusha mpaka kitufe kikagoma. Santuri ya qasida ikaimba, tamu, imetulia. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Ayeeyo akaweka kiganja kwenye kitambaa cha spika, akatabasamu bila meno. Nikapiga kikombe mara moja.

"Na nje?" akauliza Haji.

Fundi akasema nje hatujawahi kupima, na hilo ndilo kosa lake la pili. Akavaa viatu. Akachukua kikapu. Akasema, "Abaayo, usizime mpaka niseme. Nakwenda kusikiliza inaishia wapi."

Tulimsikia akihesabu hatua uchochoroni kwa ile sauti yake kubwa, moja, mbili, tatu, akapita mlango wa Inspekta, kumi na moja, kumi na mbili. Kwenye ishirini na kitu hatukumsikia tena. Santuri ikafika mwisho, Haji akairudisha mwanzo, kwa sababu hatujaambiwa tuzime. Ikaisha mara ya pili. Kule barabarani malori ya msafara yakaanza kuunguruma, na mimi nilikaa nyuma ya pazia na kijiko mkononi.